Usisubiri Tumbo Lionekane

Kama hapo ulipo yupo mama mjamzito, mwite asogee karibu na redio. Kama una binti aliyeolewa hivi karibuni, mwite naye. Na wewe baba, usibadilishe stesheni. Haya yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Nitaanzia uwanja wa riadha. Agosti 2017, jijini London, ilifanyika fainali ya mita 100 ya wanawake katika mashindano ya dunia. Mmarekani Tori Bowie alijitupa mbele kwenye mstari wa mwisho, akaanguka, na saa ikaonesha sekunde 10.85. Alimshinda Marie-Josée Ta Lou wa Cote d'Ivoire kwa sekunde 0.01 tu. Siku ile akawa bingwa wa dunia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye Olimpiki ya Rio, yeye na wenzake watatu walitwaa dhahabu ya kupokezana vijiti. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Allyson Felix.

Mei 2023 Bowie alikutwa amefariki nyumbani kwake Florida. Alikuwa na miaka 32, na ujauzito wa takribani miezi 8. Ripoti ya uchunguzi wa kitabibu ilieleza kuwa kifo chake kilitokana na matatizo ya uzazi, na kifafa cha mimba kikatajwa miongoni mwa mambo ambayo huenda yalimpata. Felix naye, mwaka 2018, alikwenda kliniki kwa hudhurio lake la kawaida akiwa na mimba ya wiki 32. Alipopimwa, presha ikakutwa juu. Akalazwa, akafanyiwa upasuaji wa dharura, na mtoto akazaliwa kabla ya siku zake. Mama na mwana walipona. Mwaka uliofuata Felix alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kueleza yaliyomfika.

Nimewataja wanariadha hawa kwa sababu huku kwetu bado tunaambiana kwamba mwanamke mwenye nguvu zake, anayekula vizuri, asiyeugua ovyo, hana sababu ya kuhangaika na kliniki mapema. Sasa nani alikuwa na mwili imara kuliko hawa? Presha ya mimba haionekani usoni, wala haijulikani kwa kumtazama mtu anavyotembea. Hujulikana kwa kuuliza na kwa kupima. Ninachotaka kukuambia leo ni kwamba kuuliza na kupima huko kunaweza kufanyika mapema mno, kabla ya wiki ya 16, wakati tumbo halijaonekana hata kidogo. Mama akibainika wakati huo kwamba yuko kwenye hatari, ipo dawa ya bei nafuu inayoweza kupunguza hatari hiyo. Akibainika mwezi wa 7, tutamhudumia kwa kila hali, lakini nafasi ile ya kuzuia itakuwa imeshatupita.

Tuutazame ugonjwa wenyewe. Mama ambaye presha yake ilikuwa ya kawaida, baada ya wiki ya 20 ya ujauzito presha inapanda na kufika 140 kwa 90 au zaidi. Pamoja na hilo, protini inaonekana kwenye mkojo, au figo, ini, damu au ubongo vinaanza kuathirika. Madaktari wanaiita hali hiyo priklampsia. Kliniki utasikia wakisema presha ya mimba, au dalili za kifafa cha mimba. Isipodhibitiwa, mama anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu, na hapo ndipo tunasema amepata kifafa cha mimba. Hakihusiani na kifafa kile cha kawaida, wala na mashetani, wala na mkono wa mtu. Wapo akina mama waliocheleweshwa kwa mganga saa zile ambazo zingewafikisha hospitali.

Ukubwa wa tatizo ni huu. Kati ya wajawazito 100 duniani, 2 hadi 8 hupata priklampsia. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kwamba matatizo ya presha katika ujauzito huchukua takribani asilimia 14 ya vifo vyote vya uzazi. Kati ya sababu zinazotokana na ujauzito na uzazi wenyewe, ni ya pili baada ya kutokwa na damu nyingi. Bado hatujawahesabu watoto wanaozaliwa njiti, wala wanaofia tumboni.

Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Katika wiki za mwanzo za mimba, chembechembe za kondo huingia kwenye mishipa midogo ya damu iliyojisokota ndani ya ukuta wa mji wa mimba, zikaipanua. Ufikirie mfereji wa shambani. Ukichimbwa ukawa mpana, maji hupita mengi na kwa utulivu, na shamba lote linanywa. Ukiachwa mwembamba, maji hupita machache tena kwa kasi, yakibomoa kingo, na mimea ya mbele inakauka. Kwa mama ambaye baadaye atapata priklampsia, mara nyingi mishipa ile haikupanuka inavyotakiwa. Kondo linakosa damu ya kutosha, linaelemewa, kisha linamwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyodhuru kuta za mishipa ya mwili mzima.

Mwaka 2003 watafiti wa Boston, akiwemo Ananth Karumanchi, walionesha jinsi protini moja ya kondo iitwayo sFlt-1 inavyozidi kwa akina mama hawa. Protini hiyo huikamata nyingine iitwayo PlGF, ambayo kazi yake ni kuilea mishipa ya damu. PlGF ikipungua, mishipa inabana, presha inapanda, na figo zinaanza kuvujisha protini. Ndiyo maana kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, uso unavimba. Vyote hivyo vinatoka kwenye kondo.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ile kazi ya kupanua mishipa huanza mapema, na sehemu yake kubwa huwa imekwisha ifikapo wiki ya 20 hivi. Kwa maneno mengine, presha inayogunduliwa mwezi wa 7 mara nyingi ni matokeo ya jambo lililoharibika mwezi wa 3 au wa 4. Mama hakuwa anasikia lolote. Alikuwa akienda shambani, akienda sokoni, akienda kazini, na huku chini kwa chini tatizo linajijenga.

Kama tatizo linajijenga mapema, je, linaweza kuonekana mapema? Linaweza kukadiriwa. Njia za kufanya hivyo zipo, na nitazieleza kuanzia ile isiyohitaji hata umeme.

Njia ya kwanza ni maswali. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza umeyapanga makundi mawili. Kundi la kwanza ni la mambo mazito, na ukijibu ndiyo kwa moja tu, umeshahesabiwa kuwa kwenye hatari kubwa. Uliwahi kupata presha au kifafa cha mimba katika ujauzito uliopita? Una presha ya siku zote? Una kisukari? Una ugonjwa wa figo? Una ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia, kama lupasi? Kundi la pili ni la mambo ya wastani, na haya yanahitaji yakutane mawili au zaidi. Hii ni mimba yako ya kwanza? Una miaka 40 au zaidi? Imepita miaka zaidi ya 10 tangu mimba iliyopita? Una unene mkubwa? Mama yako mzazi au dada yako aliwahi kupata tatizo hili? Umebeba mapacha?

Msikilizaji, maswali hayo ni machache. Muuguzi mwenye kalamu na dakika 3 anayamaliza. Hayahitaji maabara. Yanahitaji mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu kweli.

Njia ya pili imejengwa zaidi London, na jina linalotajwa sana ni la Profesa Kypros Nicolaides wa hospitali ya King's College. Yeye na wenzake wanachukua majibu ya maswali yale, wanaongeza vipimo vitatu mama akiwa na wiki 11 hadi 13, kisha kompyuta inakokotoa hatari ya mama huyo mmoja. Kipimo cha kwanza ni presha, iliyopimwa kwa uangalifu. Cha pili ni utrasaundi inayotazama jinsi damu inavyopita kwenye mishipa mikubwa ya mji wa mimba. Cha tatu ni kiwango cha PlGF kwenye damu, ile protini ya kulea mishipa. Mama anaambiwa jibu lake kwa lugha ya uwezekano: mmoja kati ya 50, mmoja kati ya 500, na kadhalika.

Njia zote mbili zililinganishwa Uingereza kwa wajawazito zaidi ya 16,000, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Kwa priklampsia inayolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki ya 37, ambayo ndiyo mbaya zaidi, maswali pekee yaliwanasa takribani akina mama 4 kati ya 10. Vipimo vyote vikiunganishwa viliwanasa takribani 8 kati ya 10. Tofauti hiyo ni kubwa, na inatupa sababu ya kudai vipimo hivyo vifike kwetu siku moja.

Lakini utafiti huohuo ulifichua jambo jingine ambalo kwangu lina uzito uleule. Kati ya akina mama waliokuwa wamebainika kwa maswali kwamba wako kwenye hatari, wale waliopewa dawa ya kuzuia hawakufika hata robo. Hapo ni Uingereza, nchi ya hospitali za kila aina. Walijua nani yuko hatarini, na bado hatua haikufuata. Ukimkadiria mama hatari usimsaidie, umemwongezea hofu tu.

Dawa yenyewe ni aspirini ya kipimo kidogo. Ndiyo, aspirini hii hii. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao ASPRE, uliofanyika katika hospitali 13 za nchi 6. Wanawake zaidi ya 25,000 walipimwa kwa njia ile ya London, na wale wenye hatari kubwa waliokubali kushiriki, 1,776, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa aspirini ya miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka wiki ya 36. Nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Katika kundi lisilo na dawa, asilimia 4.3 walipata priklampsia ya kabla ya wiki ya 37. Katika kundi la aspirini, ni asilimia 1.6. Hatari ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, hata wale walioambiwa wana hatari kubwa, wengi mno hawakuugua. Mama akiambiwa yuko kwenye hatari, hajahukumiwa. Ameambiwa afuatiliwe kwa karibu zaidi. La pili, aspirini haikuonesha kuzuia ile priklampsia inayokuja mwishoni, mimba ikiwa imekomaa. Kwa hiyo kidonge hakifuti hudhurio la kliniki. Anayemeza aspirini bado anapimwa presha kila akija.

Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza aspirini ya miligramu 75 kwa mwanamke mwenye hatari kubwa, ianze kabla ya wiki ya 20, na ikiwezekana mapema tangu wiki ya 12. Lakini tafadhali, usitoke hapo ukaenda duka la dawa ukajinunulia. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu inayochokozwa na aspirini, mwenye mzio nayo, au mwenye tatizo la kutokwa damu anaweza kudhurika. Dozi ile ya maumivu ya kichwa ni kubwa zaidi na si ya kazi hii. Mwache mtaalamu akuulize, akuandikie.

Kuna jambo jingine la kuzuia ambalo limefanyiwa kazi hapa hapa Dar es Salaam: madini ya kalisi. Kwa jamii ambazo chakula chake hakina kalisi ya kutosha, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito apewe miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku. Hivyo ni vidonge vitatu na zaidi, vikubwa, tena visimezwe pamoja na vile vya kuongeza damu. Akina mama wengi wangeshindwa, na serikali nyingi zingeshindwa kuvinunua. Watafiti wakauliza: je, miligramu 500, yaani kidonge kimoja, haitoshi? Wakawapima wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza Dar es Salaam, na wengine 11,000 huko India. Matokeo yalichapishwa mapema mwaka 2024. Dar es Salaam, waliomeza miligramu 500 walipata priklampsia kwa asilimia 3.0, na waliomeza 1,500 kwa asilimia 2.7. Kwa vigezo vya utafiti, kidonge kimoja hakikuzidiwa na vitatu katika kuzuia priklampsia. Wanawake wa Dar es Salaam sasa wamesaidia kuandika sayansi ambayo dunia nzima inaisoma. Tusiache matunda yake yabaki kwenye majarida.

Turudi kwenye chumba cha kliniki, kwenye kipimo ambacho karibu kila zahanati inacho: mashine ya presha. Naomba tukitazame kwa makini, kwa sababu kipimo hiki kikifanywa ovyo, ukadiriaji wote unaharibika.

Mama ameshuka bodaboda, amepanda ngazi, ameitwa jina. Anakaa, mkono unafungwa papo hapo, huku anaulizwa jina la mume na namba ya simu. Namba inayotoka hapo si yake. Ni ya bodaboda na ngazi. Inavyotakiwa, mama aende kwanza haja ndogo, kisha akae kimya dakika 5. Mgongo uegemee kiti, nyayo zote mbili ziwe sakafuni, miguu isipishane. Mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo. Kitambaa cha mashine kimtoshe, maana kidogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko kweli. Asiongee, wala asiongeleshwe. Kisha apimwe tena baada ya muda mfupi, na namba zote ziandikwe kwenye kadi.

Namba zisisomwe kwa kutafuta 140 kwa 90 tu. Chukua mama wawili wenye wiki 12. Mmoja ana 110 kwa 70, mwingine ana 128 kwa 86. Wote wataandikiwa kawaida. Lakini wale wanaokadiria hatari huchukua wastani: presha ya chini mara mbili, ujumlishe na ya juu, ugawe kwa tatu. Wa kwanza anapata kama 83, wa pili anapata 100. Hawako sawa. Huyu wa pili, kama ni mimba ya kwanza na dada yake aliwahi kupata kifafa cha mimba, ni mtu wa kushikwa mkono tangu siku hiyo.

Kuna siri nyingine ambayo mahudhurio ya kuchelewa yanaificha. Katikati ya ujauzito, presha ya mwanamke kwa kawaida hushuka. Mwenye presha ya siku zote asiyejijua, akija kwa mara ya kwanza na mimba ya miezi 5, anaweza kukutwa yuko sawa kabisa. Ataambiwa hana tatizo. Lakini tatizo lilikuwepo kabla ya mimba, na lingeonekana angekuja mwezi wa 2.

Hapo tunafika kwenye kikwazo chetu kikubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mjamzito akutane na mtaalamu mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kuisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha kwamba waliohudhuria ndani ya miezi 3 ya kwanza ni takribani robo tu. Hali inaendelea kusogea, lakini akina mama wengi bado wanafika kliniki wakati mlango wa aspirini umeshaanza kufungwa.

Kwa nini wanachelewa? Tusiwalaumu bila kuwasikiliza. Wapo wanaoficha mimba changa kwa kuogopa macho ya watu, au kwa sababu waliwahi kuitangaza ikaharibika. Wapo ambao kituo kiko mbali na nauli haipo. Wapo waliowahi kufokewa. Na wapo wanaorudishwa mlangoni wakaambiwa wamlete mume kwanza. Mume yuko machimboni, au yuko baharini, au amekana mimba. Mama anaambiwa basi akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Anaenda kuitafuta barua, mwenyekiti hayupo, wiki zinapita. Kumshirikisha baba ni jambo jema sana. Kumnyima mama kipimo kwa sababu baba hayupo si jema, na liachwe.

Na yule ambaye hana dalili yoyote ya hatari, je, yuko salama? Hapana, msikilizaji. Hakuna njia inayowanasa wote. Ndiyo sababu kila mjamzito, awe kwenye hatari au asiwe, anapaswa kuzijua dalili hizi: kichwa kinachouma sana kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya chembe ya moyo au upande wa kulia chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, kupumua kwa shida, mtoto kupunguza kucheza. Ukiona hata moja, usilale ukisema nitaenda kesho. Kwa Tanzania, mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama unapigiwa simu bure kwa namba 115.

Ukifika hospitali, zipo dawa za kushusha presha, na ipo magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege. Utafiti wa Magpie, uliowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionesha mwaka 2002 kwamba dawa hiyo inapunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa priklampsia kugeuka kifafa cha mimba. Tiba kamili ni kujifungua, yaani kondo kutoka. Hata baada ya hapo hatari haijaondoka mara moja, kwa hiyo mzazi aendelee kupimwa presha katika wiki 6 za arobaini yake.

Kabla sijamaliza, nina maombi kwa makundi manne ya watu.

Muuguzi, dada yangu, kaka yangu: najua foleni unayokabiliana nayo. Naomba maswali yale ya hatari yaulizwe siku ya kwanza kwa kila mama, na jibu liandikwe juu kabisa ya kadi, mahali ambapo mwenzako wa zamu ijayo hawezi kulikosa. Ukiona hatari, mwelekeze kwa daktari siku hiyohiyo.

Wenye mamlaka ya afya: aspirini ndogo na kalisi viwepo zahanati, visiishie hospitali za rufaa. Kitambaa kikubwa cha mashine ya presha si anasa. Vijiti vya kupimia protini kwenye mkojo visiishe katikati ya mwezi. Na tupange tangu sasa namna ya kuleta kipimo cha PlGF na kuwafundisha watu wetu utrasaundi ile, tuanze na mikoa tutakayoiweza.

Baba, na wewe mama mkwe: mke au mkwe akikwambia kichwa kinamuuma na haoni vizuri, usimwambie mimba ndivyo zilivyo. Mtoe nyumbani. Nauli ya kliniki ya mwezi wa 2 itengwe kama inavyotengwa ya siku ya kujifungua.

Na wewe mama, ambaye siku zako zimepita na kipimo kimekuonesha una mimba. Kama hutaki majirani wajue, wasijue, hiyo ni haki yako. Lakini muuguzi ajue, na ajue wiki hii. Ukikaa mbele yake, usingoje kuulizwa. Mwambie: hii ni mimba yangu ya ngapi, iliyopita presha ilipanda au haikupanda, kwetu mama au dada aliwahi kupata kifafa cha mimba, nina kisukari, au sina. Kisha mwombe akupime presha ukiwa umepumzika, akuandikie namba zake, na umuulize kama unahitaji aspirini. Ni haki yako kuuliza, na sasa unajua sababu.